Makula ikianza kuchakaa: mwongozo kamili wa kuelewa kinachotokea jichoni na nini cha kufanya

Kama una mzee wako amevuka miaka 50 na siku hizi anasema akimwangalia mtu usoni anaona sura kama imefutika ila kanga na viatu anaviona vizuri tu, au anang'ang'ania kwamba fremu ya mlango imepinda na wewe unaiona imenyooka, usikimbilie kumnunulia miwani nyingine. Inawezekana kabisa tatizo ni makula, ile sehemu ndogo ya katikati nyuma ya jicho, na miwani haiitibu hata uwe na lenzi ya bei gani.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya yote. Ugonjwa huu wa kuchakaa kwa makula una aina mbili, kavu na ya majimaji. Kavu inaenda taratibu, miaka na miaka. Ya majimaji inaweza kuharibu uoni ndani ya wiki chache, na ndio hiyohiyo yenye dawa ya maana, lakini dawa inafanya kazi ukiwahi. Kwahiyo kazi yako kubwa kama mgonjwa au kama mtoto wa mgonjwa ni kujua uko upande gani na kujua siku upande unabadilika.

Hatua ya 1: elewa nini kinachakaa

Nyuma ya jicho kwa ndani kuna utando unaitwa retina, huo ndio unapokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Katikati ya huo utando kuna eneo la kama milimita 5 hivi, ndio makula. Dogo kweli, lakini kazi yote ya kuona kwa undani inafanyika pale: kusoma, kutunga uzi kwenye sindano, kujua huyu ni Asha au ni mdogo wake, kutofautisha noti. Retina iliyobaki inashughulika na pembeni, yani kuona mtu anapita, kuona kiti kisikugonge.

Sasa seli za makula zinafanya kazi nzito sana mchana kutwa na zinazalisha uchafu, na chini yake kuna tabaka la seli ambalo kazi yake mojawapo ni kuuondoa. Umri ukienda uondoaji unalegea, uchafu unaanza kurundikana kama taka za mtaa ambao gari la manispaa limeacha kupita. Daktari akichungulia anaona vidoti vya njano njano, vinaitwa druseni. Vidogo vichache kwa mtu mzima sio habari kubwa. Vikiwa vikubwa na vingi hapo tunaongea hatua ya kati, na hapo ndio pa kuanza kuwa makini.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza seli zinakufa polepole mpaka linabaki eneo tupu kabisa, hiyo ni kavu iliyofika mwisho. Ya pili jicho linatoa kemikali inaitwa VEGF ambayo inaotesha mishipa mipya ya damu chini ya retina, na hii mishipa ni mibovu, inavuja maji na damu, makula inavimba, mistari inaanza kuonekana imepinda. Hiyo ndio ya majimaji. Wagonjwa wengi, kama 85 hadi 90 kati ya 100, wana aina kavu, ila ukiangalia waliopoteza uoni vibaya na kwa haraka wengi wao ni wa majimaji. Na mtu anaweza kuanza na kavu akaishi nayo miaka halafu jicho moja likageuka. Ndio maana hamna kusema "mimi yangu kavu nimepumzika".

Kitu cha kutuliza roho: ugonjwa huu wenyewe haumuingizi mtu kwenye giza totoro. Pembeni panabaki. Mzee ataendelea kutembea uani, kuona mtu kaingia, kuona kuku wamefika kwenye mchele. Anachopoteza ni katikati. Nimeona familia zinaambiwa "atakuwa kipofu" zinaanza kumfungia bibi ndani, na bibi wa watu bado anaweza kufagia uwanja wote mwenyewe.

Hatua ya 2: hakikisha unaongelea ugonjwa wenyewe

Huku kwetu mzee akisema haoni, jibu la kwanza la kila mtu ni mtoto wa jicho. Na kwa haki kabisa, maana mtoto wa jicho ndio anaongoza. Lakini dalili hazifanani. Mtoto wa jicho anatia ukungu kila mahali, katikati na pembeni, taa za magari usiku zinatawanyika, na akishakomaa unaweza hata kuona mboni imekuwa nyeupe. Anaondolewa kwa upasuaji na mtu anaona. Glakoma, wengine wanaita presha ya macho, yenyewe mara nyingi inakula pembeni kwanza na katikati panabaki mpaka mwisho, yani kinyume kabisa cha makula. Kisukari nacho kinaweza kuvimbisha hiyohiyo makula, kwahiyo kama mzee ana sukari mwambie daktari mwanzoni kabisa.

Shida inakuja pale mtu ana vyote viwili. Mzee wa miaka 75 kuwa na mtoto wa jicho na makula iliyochakaa ni kawaida tu, anafanyiwa upasuaji, ukungu unaondoka, lakini katikati bado pana doa, ndugu wanaanza kusema daktari kaharibu jicho. Kabla ya upasuaji uliza swali hili moja: "Daktari, nyuma ya jicho pakoje, makula ni nzima?" Wakati mwingine mtoto wa jicho kaziba kiasi kwamba nyuma hapaonekani vizuri, basi aseme hivyo mapema na nyie mjue matarajio yenu yawe wapi.

Halafu kuna ile dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli watu wenye asili ya Ulaya wanaupata zaidi katika hatua zake mbaya. Lakini utafiti wa macho uliofanyika Nakuru, Kenya, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea ulikuta dalili za mwanzo kwa takriban mtu 1 kati ya 10, na waliofika hatua ya mwisho walikuwa kama 1 kati ya 100. Sasa fikiria tunavyozidi kuishi miaka mingi. Duniani kote makadirio yalikuwa watu milioni 196 mwaka 2020, na yanasema watafika milioni 288 ifikapo 2040.

Kama mwenye dalili ni kijana wa miaka 20, hiyo ni stori nyingine, kuna magonjwa ya kurithi ya makula kama Stargardt. Na kama mtu anakunywa hydroxychloroquine muda mrefu kwa ajili ya lupus au baridi yabisi, dawa hiyo ikitumika miaka mingi inaweza kugusa makula, anatakiwa awe anapimwa macho. Asiiache mwenyewe bila daktari lakini.

Hatua ya 3: pima nyumbani, ni bure

Hiki ndio kipande ningependa ukifanye leo hiihii. Kuna karatasi ya viboksi ilitengenezwa na daktari wa macho wa Uswisi, Marc Amsler, katikati ya karne iliyopita, na mpaka leo kliniki zinaitumia. Huna haja ya kuinunua. Chukua daftari la hesabu lenye viboksi vya nusu sentimita, chora mraba wa viboksi 20 kwa 20, utapata sentimita 10 kila upande. Kama mistari ya daftari imefifia ipitie kwa kalamu nyeusi na rula. Katikati kabisa weka doti nyeusi inayoonekana.

Mzee avae miwani yake ya kusomea kama anayo, akae kwenye mwanga mzuri, karatasi iwe kama sentimita 30 kutoka usoni. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza. Aangalie doti tu, macho yasitangetange, na akiwa anaangalia doti ajibu: mistari yote imenyooka? kuna mahali imepinda au inacheza? kuna viboksi vimepotea, vimefifia au pana kivuli? Halafu jicho la pili hivyohivyo.

Kufunika jicho moja moja ndio siri ya zoezi zima. Ukiangalia kwa macho mawili jicho zima linamfichia mwenzake makosa, ubongo unajazia, na mtu anaweza kukaa miezi na jicho moja limeshaharibika bila kujua mpaka siku jicho lile zima limeingiwa na vumbi.

Asiyeweza mambo ya karatasi atumie vitu vya nyumbani: nondo za dirisha, mistari ya vigae bafuni, nguzo ya umeme nje. Vitu unavyojua vimenyooka. Mtu aliyeshaambiwa ana druseni afanye kila siku asubuhi, hata dakika haifiki. Bandika hiyo karatasi kwenye mlango wa friji au pembeni ya kioo cha kunyolea ili isisahaulike, na siku mistari ikionekana imepinda chukua kalamu uchore palepale ilipopinda, uandike tarehe na jicho gani. Hiyo karatasi yenye michoro daktari ataipenda kuliko maelezo marefu.

Mistari ikipinda ghafla, au doa jeusi likitokea katikati ndani ya siku chache, hiyo ni dharura. Sio ya "tusubiri mwisho wa mwezi", sio ya "tuone baada ya sikukuu". Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao inayopanga miongozo ya matibabu, unataka mtu anayeshukiwa kuwa na aina ya majimaji aanze matibabu ndani ya siku 14 tangu apewe rufaa. Sisi foleni zetu tunazijua, ndio maana wewe ndio unatakiwa uharakishe upande wako. Ila zingatia pia karatasi kuonekana sawa sio cheti cha uzima, inaweza kukosa mabadiliko madogo, kwahiyo kliniki iko palepale.

Hatua ya 4: hospitali gani, na ukifika useme nini

Duka la miwani sio mahali pake. Wengi wanaanzia hapo, wanapimwa namba, wanauziwa miwani, wanarudi baada ya miezi sita wanauziwa nyingine. Mpimaji mzuri wa miwani akiona namba hazileti mabadiliko atakupa rufaa mwenyewe, lakini usimtegemee wa chini ya mti.

Unachotafuta ni daktari bingwa wa macho, na ukibahatika daktari wa retina. Tanzania kuna Muhimbili na CCBRT kwa Dar, kuna KCMC kwa Moshi. Kenya kuna Kenyatta, kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, kuna Lions SightFirst pale Loresho. Uganda kuna Mulago na Mengo kwa Kampala, na Ruharo kwa Mbarara. Piga simu kwanza uulize maswali mawili: mna kipimo cha OCT (mashine ya kupiga picha matabaka ya retina), na mnachoma sindano za ndani ya jicho? Kama majibu ni hapana na hapana, uliza wanampeleka nani mgonjwa wa retina, uokoe nauli.

Mapokezi usiseme "macho yanasumbua" maana utapangwa nyuma ya wenye macho mekundu. Sema hivi: "Mzee jicho la kulia mistari imeanza kuonekana imepinda tangu Jumanne, na katikati pana doa." Sentensi hiyo nesi wa macho anaielewa mara moja.

Watamtia matone ya kupanua mboni, kwahiyo ataona mwanga mkali na ukungu kwa saa kadhaa, asiende na bodaboda peke yake, na kofia ni muhimu. Daktari atachungulia nyuma. OCT yenyewe ni kukaa mbele ya mashine, kuweka kidevu, kuangalia taa, dakika chache hamna maumivu, inatoa picha ya matabaka ya retina kama yamekatwa kwa kisu na maji yakiwepo yanaonekana. Pengine watapiga na picha za mishipa kwa dawa ya rangi inayochomwa mkononi, ngozi inageuka njano kidogo na mkojo unakuwa wa rangi kali siku hiyo, asishtuke.

Kabla hujatoka chumbani hakikisha umeandika: ni kavu au ya majimaji, jicho lipi, hatua gani, na lini kurudi. Omba nakala ya OCT au ipige picha na simu, maana ukibadilisha hospitali bila hiyo picha wanaanza upya.

Hatua ya 5: ikiwa ni ya majimaji

Dawa ni sindano ndani ya jicho. Najua, ukisikia hivyo tu tumbo linakatika. Lakini ukiongea na waliochomwa karibu wote watakuambia kuisubiri ndio kazi. Jicho linatiwa ganzi ya matone, linasafishwa kwa iodini (hii inawasha kuliko sindano yenyewe), kope zinashikwa na kibano ili usipepese, halafu sindano nyembamba inapita kwenye weupe wa jicho, sio kwenye mboni. Sekunde chache. Unahisi kusukumwa tu.

Dawa zenyewe zinazuia ile VEGF. Ranibizumab, wengi wanaijua kwa jina la Lucentis, iliidhinishwa Marekani 2006. Katika utafiti wake mmoja mkubwa uliotoka mwaka huohuo, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 waliochomwa hawakupoteza uoni mwingi baada ya mwaka, na karibu thuluthi yao waliongezeka kuona kwa kiasi cha kueleweka. Kabla ya hapo kazi ilikuwa kupunguza kasi ya hasara tu. Baadaye zikaja aflibercept mwaka 2011 na faricimab mwaka 2022, hizi zinaweza kukaa muda mrefu zaidi kati ya sindano na sindano.

Ila stori inayokuhusu wewe na mfuko wako ni ya bevacizumab, Avastin. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2005 daktari mmoja wa Miami, Philip Rosenfeld, akaanza kuitumia ndani ya jicho kwa dozi ndogo sana. Chupa moja ya saratani inagawanywa sindano nyingi za macho. Utafiti wa CATT wa Marekani mwaka 2011 ukalinganisha zote mbili na uoni ukatoka sawasawa, wakati bei pale Marekani ilikuwa karibu dola 2,000 kwa dozi ya Lucentis na karibu dola 50 kwa Avastin. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Kwahiyo ukipewa Avastin usidhani umepewa dawa ya maskini.

Tahadhari iko kwenye kugawanya na kwenye chanzo. Inatakiwa igawanywe mahali safi kitaalamu, na mwaka 2017 WHO ilitoa tahadhari ya Avastin feki kwenye ukanda wetu huu. Usinunue mwenyewe kwa mtu wa mtaani kisa nafuu ukampelekea daktari mkononi. Ichomwe hospitali inayotunza dawa yake yenyewe.

Ratiba ya kawaida ni sindano 3 za mwanzo, moja kila mwezi, halafu daktari anaangalia OCT na kuanza kurefusha nafasi, wiki 6, wiki 8, wiki 10, kutegemea maji yanarudi au la. Hapa ndio watu wengi wanapotea. Baada ya sindano ya pili anaona vizuri, anasema nimepona, anarudi kijijini, baada ya miezi 5 jicho limevuja tena na kovu limeshajengeka, na kovu halina sindano. Bora mkae kikao cha familia mapema mhesabu hela ya mwaka mzima, nauli ikiwemo, mgawane kwa zamu, kuliko kuchangishana kwa mbio kila mwezi kwenye grupu la WhatsApp. Uliza bima inalipia dawa ipi kwa jina, usiulize tu "mnalipia macho?"

Baada ya sindano jicho kuwa na wekundu sehemu iliyochomwa na vidoti vinavyoelea siku moja mbili ni kawaida. Lakini maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, jicho likawa jekundu zaidi, mwanga ukawa unauma au uoni ukashuka ndani ya siku chache, rudi siku hiyohiyo hata kama ni Jumapili, inaweza kuwa maambukizi ya ndani. Ni nadra, ila haisubiri. Na maji ya bomba, kidole, au dawa ya kienyeji visiguse hilo jicho.

Hatua ya 6: ikiwa ni kavu

Hapa wauzaji ndio wamejaa. Nikuambie wazi: hamna matone yanayorudisha makula, hamna juisi, hamna asali ya kutia jichoni (asali jichoni inaleta matatizo mengine kabisa), hamna mafuta. Ukiuziwa kitu cha "kusafisha retina" funga pochi.

Kilichopimwa kwa uhakika ni vidonge vya mchanganyiko wa AREDS, utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani. Mwaka 2001 walionyesha kwamba kwa watu wa hatua ya kati vinapunguza uwezekano wa kwenda hatua mbaya kwa takriban asilimia 25 ndani ya miaka 5. Mwaka 2013 wakarekebisha, wakatoa beta karotini kwa sababu inaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji, wakaweka luteini na zeaxanthini. Ukienda famasi soma boksi: vitamini C miligramu 500, vitamini E uniti 400, zinki miligramu 80, shaba miligramu 2, luteini miligramu 10, zeaxanthini miligramu 2. Kama haviendani na hivyo ni multivitamini ya kawaida imevalishwa picha ya jicho.

Na havimfai kila mtu. Mtu mwenye vidoti vichache vya mwanzo au mzima kabisa havimsaidii kuzuia. Zinki hiyo ni nyingi, inaweza kusumbua tumbo, kwahiyo mwenye dawa nyingine za kudumu aongee na daktari kwanza. Havirudishi pia kilichopotea.

Sigara ndio kitu kimoja ambacho kiko mikononi mwako kabisa, mvutaji ana hatari mara 2 hadi 4 ya asiyevuta. Presha idhibitiwe. Chakula hauhitaji kuagiza kutoka nje, mchicha, sukuma wiki, kisamvu, majani ya maboga, kiini cha yai, samaki na dagaa, tunavyo. Karoti ni nzuri ila sifa zake zinatokana na upungufu wa vitamini A, hapa sio penyewe.

Kwa kavu iliyofika mwisho, mwaka 2023 Marekani waliidhinisha sindano mbili, Syfovre na Izervay. Zinapunguza kasi ya lile eneo tupu kutanuka, hazirudishi uoni, na Ulaya hawakuikubali Syfovre. Mimi kwa hali ya mfuko wetu nisingeuza shamba kwa ajili ya hizo.

Hatua ya 7: kuishi nayo nyumbani

Kwanza afundishwe kutumia pembeni. Mkalishe mzee mkae mkitazamana, umbali wa mita moja hivi, mwambie aangalie pua yako, bila shaka atasema haoni sura. Sasa ahamishe macho taratibu, aangalie juu ya kichwa chako, halafu sikio la kulia, bega, kidevu, sikio la kushoto, azunguke kama mshale wa saa, na kila akisimama akuambie sura yako inaonekana vipi. Kuna sehemu moja itamjia vizuri kuliko nyingine. Hapo ndio pake. Afanye mazoezi kwa dakika chache kila siku, kwa sura, kwa herufi kubwa, kwa TV, mpaka jicho lizoee kukimbilia hapo. Mwanzoni inachosha na watu watadhani anaangalia pembeni kwa dharau, waambieni.

Hilo la dharau liongeleeni mapema kwa kweli. Mama mkubwa wangu alinuniwa na majirani kwa muda kwa sababu alikuwa anapishana nao njiani bila kusalimia, wakasema ana maringo tangu watoto wajenge. Ikabidi tupite nyumba kwa nyumba. Sasa wote mpaka watoto wanaanza wao na wanataja jina: "Shikamoo bibi, mimi Rehema." Kitu kidogo, lakini kilimrudisha barazani.

Mwanga uongezwe, taa iwe pembeni na chini kidogo ikimulika anachofanya, isimpige machoni. Rangi zipishane: wali na ugali kwenye sahani ya rangi nzito, maharage kwenye nyeupe, chai ya maziwa kwenye kikombe cheusi asije akamwaga. Ukingo wa ngazi ubandikwe utepe wa gundi wa rangi kali. Dawa za presha na za sukari zitofautishwe kwa kufunga mpira, mmoja kwa hii, miwili kwa ile. Noti kila moja iwekwe kivyake, kubwa ibaki bila kukunjwa, inayofuata ikunjwe mara moja, ndogo mara mbili, na apangiwe na mtu anayemwamini.

Simu ndio imekuwa mkombozi. Ongeza maandishi yawe makubwa, washa ukuzaji wa skrini, na kama imefika pabaya washa TalkBack kwa Android au VoiceOver kwa iPhone imsomee. Kamera ya simu yenyewe ni lenzi nzuri ya kusomea tarehe kwenye boksi la dawa. Ila suala la M-Pesa na wenzake angalia sana, wazee wanampa wakala au kijana yeyote simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti. Mchague mtu mmoja wa familia wa hiyo kazi. Kwa Msahafu au Biblia kuna maandishi makubwa na kuna sauti. Kuendesha gari, aache.

Hatua ya 8: akianza kuona watu wasiokuwepo

Hii hamna mtu anawaambia na ndio inapeleka watu kwa waganga. Mtu aliyepoteza uoni wa katikati anaweza kuanza kuona vitu: maua ukutani, watoto wadogo wamevaa sare, sura zisizojulikana, mifumo kama ya kanga. Ubongo umezoea kupokea picha, ukikosa unajitengenezea. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake aliyekuwa akiona hivyo na akili zake timamu, ndio hali ikapewa jina lake.

Wazee wengi hawasemi. Wanaogopa kuambiwa wamerogwa, wana majini au wamechanganyikiwa. Kwahiyo wewe anza, muulize kwa upole: "Bibi, kuna wakati unaona vitu ambavyo unajua havipo?" Utashangaa atakavyopumua. Mwambie ni macho, sio akili na sio mashetani. Vikija apepese macho kwa nguvu, ahamishe macho kulia na kushoto, awashe taa au anyanyuke, mara nyingi vinapotea. Kwa wengi vinapungua vyenyewe na muda. Lakini kama anasikia na sauti, vinamwongelesha, anaamini ni vya kweli au anapotea hata siku na majina, hiyo ni nyingine, apelekwe kwa daktari.

Na akishathibitishwa yeye, wadogo zake na nyie watoto wake mliovuka 50 nendeni mkapanuliwe mboni mwangaliwe nyuma ya jicho, maana huu ugonjwa unatembea kwenye ukoo. Mkienda, bebeni jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye kadi yake na ile picha ya OCT kwenye simu.